Kilima cha Siku Nne

Niliondoka Bellevue, mtaa wa Johannesburg, asubuhi moja ya mwaka 2019, begi mgongoni, bila mpango wowote. Angalau hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Furaha, mshonaji wa Lubumbashi aliyepanga chumba cha mbele katika nyumba yetu, nilipompita barazani akipenyeza uzi kwenye sindano.

"Unaenda wapi tena, weye Mutanzania?"

"Sijui bado, mama."

"Utarudia lini?"

"Hilo nalo sijui."

"Eish. Ata mbuzi ya soko inajua kwenye wanaipeleka."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Alishanizoea. Niliacha shule darasa la sita, kule Tanga, kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama reli, na tangu siku hiyo sijakaa mahali popote muda mrefu kama nilivyokaa Bellevue. Aliyenifanya nikae ni mtu mmoja, na asubuhi hiyo nilikuwa ama namkimbia ama namwendea. Sikutaka kuamua mwenyewe.

Nina kanuni moja ya safari. Nikifika kituo cha teksi napanda gari lililobakisha abiria mmoja, liende liendako. Kanuni hiyo imenifikisha sehemu nyingi ambako sikuwa na sababu ya kufika. Siku hiyo gari lililobakisha mmoja lilikuwa la Carletonville, mji wa migodi ya dhahabu, magharibi. Nilisimama mlangoni mpaka dereva akaniuliza kama nasubiri kuimbiwa. Nikapanda.

Carletonville ndiko alikohamia Profesa, mtu huyohuyo mmoja. Simuni mwangu mlikuwa na ujumbe wake wa siku sita zilizopita: "Tumefungua sanduku. Kuna kilima. Siku nne, Julai ya mwaka jana. Njoo tunywe chai." Nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuujibu. Nilizijua siku hizo nne. Namba za siku hizo niliziandika mimi, na nilizibuni.

Basi njia nzima, vilima vya mchanga wa migodi vikipita dirishani, vya manjano kama unga wa dengu, nilikuwa naye kichwani. Mambo yake yalinijia ovyo ovyo, kama yanavyokuja mambo ya mtu uliyemzoea.

Alikuwa Mjerumani, mwanamke aliyepita miaka sitini, mwembamba, nywele fupi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu vinavyoanguka kutoka angani na ambavyo hakuna jicho lililowahi kuviona. Watu wakisikia hivyo walidhani anatazama nyota. Nyota alikuwa hazijui hata kidogo. Mama Furaha aliwahi kumwuliza nyota ile angavu ya jioni inaitwaje, naye akaitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama shangazi wa mtu mwingine, akasema, "Inapendeza sana. Sijui." Saa tatu za usiku alikuwa amekwisha lala. "Vitu vyangu vinaanguka mchana na usiku sawasawa," alisema. "Kwa nini nikeshe?"

Alinieleza hivi. Mbali sana kuna nyota zinazopasuka, na mahali pengine penye ghasia ambapo hata wao hawapaelewi vizuri. Huko hurushwa makombo, madogo kuliko vumbi la vumbi, nayo husafiri muda ambao ukiusema kwa sauti unajisikia mwongo. Yakifika kwetu yanagonga hewa juu kabisa, yanavunjika, na wajukuu wa makombo hayo ndio wanaotunyeshea. Wanapita kwenye paa, kwenye dari, kwenye sufuria ya ugali, kwenye fuvu la kichwa, wanaingia ardhini, na hakuna anayeshtuka.

Alikuwa na desturi ya kuutandaza mkono wake wa kushoto popote alipokuta mahali tambarare. Mezani, kwenye kaunta ya posta, juu ya dashibodi tukisimama kwenye roboti, maana huku taa za barabarani ndivyo zinavyoitwa. Aliutandaza, akatulia, akasema, "Moja. Moja. Moja." Kila sekunde, au karibu na hapo, moja hupita katikati ya kiganja. Mwanzoni niliona ni wazimu wa kizee. Baada ya mwezi nilijikuta nafanya vilevile peke yangu juu ya paa, na nakiri kwamba mara nyingine nilihisi baridi ndogo katikati ya kiganja, ingawa yeye aliapa kwamba hakuna binadamu anayeweza kuhisi.

Nilimjua mwaka 2016 alipokuja mtaani akitafuta nyumba yenye paa la saruji. Nyumba nyingi za Bellevue ni za zamani, zimegawanywa vyumba, na mabati yake yanapiga kelele. Yetu ilikuwa na kipande cha paa tambarare juu ya jiko. Alikikodi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi bila kazi, akaniomba nimsaidie kubeba sanduku moja jeusi, zito kama jeneza la mtoto. Nikamwuliza lina nini ndani. Alinijibu kwa saa mbili. Katika maisha yangu niliwauliza watu maswali mengi, na majibu marefu niliyopata yalikuwa ya kunifukuza. Hakuna aliyewahi kunijibu kwa saa mbili.

Ndani mlikuwa na vibao vya plastiki angavu, vimefungwa gizani kama maiti katika sanda nyeusi. Chembe ikipita, kibao hutoa mwanga mdogo sana, na mashine huuhesabu. Mashine yenyewe ilikuwa na betri. Kazi yangu mimi ilikuwa baromita, kifaa kama saa ya ukutani kinachoonyesha uzito wa hewa. Alikuwa na kifaa cha umeme cha kufanya hivyo, lakini kila mgao wa umeme ulikiua, akachoka nacho. Akanipa daftari lenye mistari ya bluu na penseli. Saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni.

"Hewa ni blanketi," alisema. "Blanketi likiwa zito, chembe chache zinatufikia. Likiwa jepesi, nyingi. Usiponipa uzito wa blanketi, nitaona hesabu imepanda nitadhani mbinguni kumetokea jambo, kumbe ni blanketi tu."

Alilipia kazi hiyo, si haba, lakini si hilo lililonishika. Kilichonishika ni jinsi alivyoniita. Alikuja kila Jumatatu na pikapu yake nyeupe, akapanda ngazi akihema, akafungua daftari, akaweka alama ya vema kila ukurasa, akasema kwa Kiingereza chake kigumu, "Haya, mikono yangu ya mjini."

Mtaa haukumpokea kirahisi. Wiki ya tatu uvumi ukaenea kwamba sanduku lile ni la serikali, linahesabu wageni wasio na karatasi. Jioni wanaume wanne na Mama Furaha walipanda paani kulitaka lishushwe. Profesa alikuwepo. Hakubishana. Alichomeka spika ndogo kwenye mashine, tukasikia: tak. Tak-tak. Tak.

"Iko inahesabu nani?" Mama Furaha akauliza. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri.

"Inahesabu vinavyotoka angani. Kila mlio, kimoja kimepita."

"Kimepita wapi?"

"Hapa. Kwenye sanduku. Na kwako pia, mama, kila sekunde, vingi."

"Mu mwili yangu? Bila ruhusa?"

"Bila ruhusa."

"Na mupaka, inavuka namna gani? Pasipoti iko nayo?"

"Haina pasipoti. Ukuta hauizuii. Chuma hakiizuii. Polisi hawaioni."

Mama Furaha alilisikiliza sanduku kitambo, kichwa upande, kama anayepima kitambaa kwa sikio. Kisha akawageukia wale wanaume. "Muache. Hii ni Mukongo."

Tangu siku hiyo watu walipanda paani Jumapili baada ya ibada, wakiwa na suti zao, kusikiliza wenzao wakivuka mpaka.

Profesa mwenyewe hakuwa na dini, nami sikuwahi kumsikia akiitafuta. Lakini kwaya ya Wakongo ilipofanya mazoezi sebuleni chini yetu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamefumba, akigonga goti kwa kidole. Nilidhani amebarikiwa. Akasema mpiga ngoma anachelewa kidogo kila kipigo cha saba, na kwamba kuchelewa kule ndiko kunakomfurahisha.

Alikuwa hivyo, kila jambo lake lilikuwa na kinyume chake. Pikapu hakuifunga mlango, mjini Johannesburg, na haikuibiwa hata siku moja. Lakini hesabu zake alizifunga kwa neno la siri lenye nusu mbili, nusu alikuwa nayo yeye, nusu mwenzake wa Pretoria, ili yeyote kati yao asizione peke yake. Alichukia ushirikina, na papo hapo alinikataza kupiga mluzi karibu na sanduku. Aliogopa lifti. Ghorofa nane alizipanda kwa miguu akipumzika kila ngazi. Lakini huko Carletonville alikuwa na sanduku la pili, chini ya mgodi, zaidi ya kilomita mbili ardhini, naye alishuka huko ndani ya kizimba cha chuma kinachoanguka kama jiwe, amesimama katikati ya wachimbaji, akiwagawia pipi. Nilipomwuliza inakuwaje, akasema, "Ile si lifti. Ile ni kisima."

Juu ya paa, mchana, tukila mkate wake mkavu aliokuja nao kwenye karatasi, alinisimulia kazi yake ya miaka arobaini. Nilikuwa namsikiliza kama ninavyosikiliza njia ya mbali. Alikuwa Namibia, nyanda za juu, ambako walijenga vioo vikubwa kama nyumba kungoja mmweko wa bluu unaokaa muda mfupi kuliko wazo. Alikuwa ncha ya kusini ya dunia, ambako wenzake walitoboa barafu kwa maji ya moto, wakashusha vioo vya duara kimoja kimoja kama shanga kwenye uzi, ili barafu yenyewe iwe jicho. Akanionyesha kwa kidole upande wa mashariki, nyuma ya mabohari, akasema kwamba hata hapa, zamani, watu wa kazi yake waliteremka kwenye mgodi wa dhahabu kungoja chembe nyingine, ile ambayo hata dunia nzima haiizuii. Walingoja miezi. Walipata chache sana, na wakafurahi kama waliopata dhahabu.

"Na wewe umepata nini?" nilimwuliza siku moja, kwa ujinga wangu.

Hakukasirika. "Hapana nyingi," alisema. "Nimepata hapana zilizopimwa vizuri. Mtu akitaka kujua kitu fulani hakipo mahali fulani, mimi ndiye wa kuulizwa."

Nilimfundisha neno "bado". Alilipenda kuliko maneno yote ya Kiswahili. Mama Furaha akimwuliza kila Jumatatu, "Madame, yako umeona?", alijibu kutoka juu ya ngazi, "Bado, mama, bado," kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Alichokuwa akikitafuta kwa masanduku yale mawili kilikuwa hiki: je, mvua ile ya chembe huwahi kuwa nzito kwa siku chache, kisha ikarudi kawaida, kwa sababu kuna kitu huko mbali kimefunguka na kufungwa? Hakuna aliyewahi kuiona ikifanya hivyo kwa namna aliyoitaka yeye. Kwenye mchoro ingeonekana kama kilima. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake ya mwisho, alisema, baada ya hapo atapanda nyanya.

Kilima alishawahi kukiona. Kijana bado, kwao, aliona hesabu zinapanda kila wiki na kushuka kila wiki, akatangaza. Watu wakaja na kalamu. Kumbe mlinzi wa jengo, mzee mwenye baridi, alikuwa akichomeka hita yake ukutani nyuma ya mashine, zamu zake zikija. Joto lilizitia mashine wazimu. Profesa aliandika barua ya kukiri kosa kwa kila aliyemtangazia, barua moja moja kwa mkono, kisha akamnunulia mlinzi koti. "Kila kilima nilichokiona maishani," alisema, "nilipochimba, chini yake nilikuta mtu."

Ndiyo maana ya sanduku, si lile jeusi, lile la neno la siri. Watu wa kazi yake walijifunza kutojiamini. Wanakusanya hesabu miaka miwili bila kuziangalia, wanakubaliana mapema watazipima vipi, watatupa nini na watabakiza nini, na hapo tu wanafungua. Wakishafungua hawabadilishi kanuni kwa sababu ya kupenda au kutopenda walichokiona. Nilimwambia kwetu mtu anayeoa bila kumwona bibi harusi hufanya hivyohivyo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Na kwa ajili hiyohiyo alinipa sheria moja ya daftari, moja tu. Ukikosa kusoma, umelala, umelewa, umeenda kwa mwanamke, usibuni. Chora mstari kwenye nafasi hiyo. "Mstari ni usomaji pia," alisema. "Unaniambia: hapa hatujui."

Kulikuwa na jambo jingine. Watu wa kazi yake wana desturi ya kuandika juu ya makala ya matokeo yao majina ya wote waliogusa kipimo, mkubwa na mdogo, kwa alfabeti. Jina langu linaanza na A. Alinionyesha siku moja orodha aliyoiandaa: mimi nilikuwa wa kwanza, nikifuatiwa na madaktari wa Pretoria na Ujerumani, naye akiwa mwisho kabisa karibu na mlango. Darasa la sita, Tanga. Nilishuka nikaenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua sukari ambayo hatukuihitaji.

Sasa zile siku nne.

Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, dereva mmoja wa lori alisema barazani kwetu kwamba kunatarajiwa theluji milimani, njia ya Durban. Mimi ni mtu wa pwani. Theluji nilikuwa nimeiona kwenye kalenda. Profesa alikuwa kwao wiki hiyo. Niliondoka na lori Jumanne alfajiri, kabla ya usomaji wa kwanza, nikarudi Ijumaa taa zimeshawashwa, miguu imekufa ganzi, kichwa kimejaa weupe. Nilipanda paani na tochi ya simu, nikafungua daftari. Nafasi kumi na mbili, tupu.

Ningechora mistari. Nilishika penseli nichore. Lakini mistari kumi na miwili kwa mfululizo si usingizi wala si mwanamke. Niliona atatafuta mikono mingine ya mjini, na pale juu ya orodha atakaa mtu mwingine mwenye A yake. Nikafungua ukurasa wa wiki iliyopita, nikanakili namba zake nikiongeza moja hapa na kupunguza moja pale. Nilichonga penseli katikati ya kazi, ili maandishi mengine yawe membamba na mengine manene, kama yaliyoandikwa saa mbalimbali. Nilikuwa hodari. Jumatatu iliyofuata alipanda akihema, akaweka vema.

Haya yote yalikuwa nami garini. Tulipofika Carletonville nilikuwa wa mwisho kushuka.

Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya matofali, mtaa waliokaa zamani wafanyakazi wa mgodi. Aliniona kutoka dirishani, akatoka mbio, mtu anayepumzika kila ngazi. Mezani kulikuwa na keki ya matunda, nene, yenye sukari juu. Katika miaka mitatu sikuwahi kumwona akila kitu zaidi ya mkate mkavu.

"Kaa, kaa. Tazama." Akaigeuza kompyuta. Mstari ulitambaa kutoka kushoto, wenye mikunjo midogo kama shuka lililolaliwa, kisha katikati ukainuka, ukabaki juu, ukateremka taratibu. Kilikuwa kilima kizuri. Nilikiangalia kama mtu anayeonyeshwa mtoto anayefanana naye.

"Kule chini mgodini?" nikauliza.

"Kule chini hakuna kitu." Akaanza kukata keki haraka haraka. "Lakini kule chini tunahesabu chache mno. Huenda hazitoshi. Huenda aina hii haifiki kule. Kuna njia ya kueleza."

Sikuwahi kumsikia akisema "huenda" mara mbili mfululizo. Chini ya bakuli la sukari niliona bahasha ya kaki, yenye muhuri wa idara ya hali ya hewa. Haikuwa imefunguliwa. Aliona ninachokitazama.

"Namba za uwanja wa ndege," alisema. "Uzito wa hewa wa mwezi ule, za kulinganisha na zako. Zimekuja siku nilipokuandikia." Akaifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Siku sita. Nilitaka kukaa nacho kidogo tu. Kabla ya kuchimba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikinyamaza, bahasha itasema badala yangu, kesho au keshokutwa. Lakini itasema bila mimi.

"Profesa," nikasema, "siku hizo sikuwepo."

"Zipi?"

"Zote nne."

Kisu kilibaki ndani ya keki. Nje mtu alikuwa akiburuta pipa la taka kwenye lami, akaliburuta mpaka mwisho wa mtaa.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Jumanne. Kabla ya saa mbili asubuhi."

"Ukarudi?"

"Ijumaa. Baada ya saa kumi na mbili jioni."

"Kwa hiyo kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

"Ulikwenda wapi?"

"Kuona theluji."

Aliinua macho. "Ilikuwa nyingi?"

"Ilinifika vifundoni. Haikuwa na sauti."

"Ilianza lini?"

"Jumanne mchana, walisema."

Akatikisa kichwa polepole, akichomoa kisu, akakilamba upande mmoja, na kwa kisu hichohicho akaifungua bahasha. Tulizisoma pamoja, kidole chake kikishuka. Jumanne uzito wa hewa ulianza kuanguka. Jumatano ulikuwa chini. Alhamisi chini. Ijumaa jioni ukaanza kupanda. Blanketi lilikuwa jepesi siku zote nne, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba ni zito. Hali ya hewa iliyoniita milimani ndiyo iliyonyanyua kilima.

"Nilitumaini," alisema, "kwamba safari hii chini yake hakuna mtu."

Akaleta daftari langu kutoka rafuni. Nilishika ufutio, akanipiga mkono, si kwa mchezo. "Hatufuti. Kata kwa mstari mmoja, isomeke. Kando yake chora ule ambao ungechora siku ile." Nikafanya. Alisimama nyuma yangu mpaka wa kumi na mbili. Wa tisa niliupinda, na yule anayelisoma daftari lile leo atauona.

"Ungeuchora," akasema, "ningekuuliza ulikwenda wapi. Ungenisimulia. Mwaka mzima nimekosa hadithi hiyo, nikapewa namba." Akafunga daftari. "Nenda sasa. Leo sitaki kukuona mezani kwangu."

"Ndiyo, Profesa."

"Keki sikupi."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeshafika getini aliposema tena, mgongo umenielekea, akiuegemea mlango. "Baromita ya hapa haina mtu wa kuisoma. Saa mbili asubuhi. Na alfabeti ya ile orodha siibadilishi mimi, wala wewe." Akaingia ndani. Kupitia dirishani nilimwona akiketi mbele ya kompyuta, akiutandaza mkono wa kushoto juu ya meza, na kilima kikiwa bado kimesimama mbele yake, hajakishusha.

Nilitembea mji usioujua mguu wangu. Jua lilikuwa limelala juu ya vilima vya mchanga, na kila kitu, waya, mbwa, mabango ya kupima macho, kilikuwa na rangi ya asali. Kwenye spaza moja nilisikia Kiswahili. Mwenye duka alikuwa mama wa Kolwezi, mume wake alifuata migodi mpaka huku, na nyuma ya duka alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha. Akanisukumia daftari la wageni. Jina, unakotoka, siku za kukaa. Niliandika jina, nikaandika Tanga. Kwenye nafasi ya tatu nikachora mstari.

"Hii ni nini?"

"Sijui nitakaa siku ngapi, mama."

"Mustari haina kulala mu kitanda yangu bure, kijana." Lakini akanipa ufunguo. "Ulipe ya leo. Ya kesho tutaona kesho."

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti na meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua. Niliweka begi chini. Nikakaa, nikautandaza mkono wa kushoto mezani. Moja. Moja. Zilipita, zikaingia sakafuni, na nyingine chache mno ziliendelea kushuka kwenye mwamba kulielekea lile sanduku lingine gizani. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya safarini. Nilitoa simu, nikaitega iniamshe saa moja na nusu.